Gundi ya Alhamisi

Balbir aliingia karakana na tepu ya kupimia, akaanza kupima ukuta kwa ukuta huku baba yake yuko pale pale anapiga randa. Hakusalimu. Alivuta tepu ikapita juu ya meza ya kazi, ikapita mbele ya kifua cha mzee, ikafika dirishani, akasoma namba kwa sauti na kuiandika kwenye simu. Mzee Tarsem akainua randa kumpisha. Mtu hupimwa hivi akishakufa, alijisemea moyoni, mimi bado nashika kazi.

"Kitanda kitaenea," Balbir akasema. "Na kabati dogo, na kiti kimoja."

"Na meza yangu?"

"Papaji, una miaka sabini na minne. Meza ya kazi ya nini?"

Nyumbani walisema Kipunjabi, ila mzee akikasirika Kiswahili cha Nakuru kilimtoka chenyewe, na Balbir, aliyeondoka Kenya akiwa na miaka kumi, alikielewa vizuri mno. "Usinipande kichwani, Balbir," mzee akasema. "Mimi ndiye niliyekuzaa." Balbir akaachia tepu, ikarudi kwenye kasha lake kwa kishindo.

Karakana yenyewe, tusidanganyane, ilikuwa kibanda cha mbao nyuma ya nyumba yao huko Hounslow, ndege zikishuka juu yake mpaka misumari inacheza kwenye makopo. Lakini ndicho kitu pekee kilichobaki kikiitwa cha Tarsem. Nyumba ilikuwa ya Balbir na mkewe Leena. Chumba cha juu kilikuwa cha wajukuu, naye alilala humo kwa hisani. Balbir alikuwa amepunguziwa zamu kwenye ghala la mizigo la uwanja wa ndege, mkopo wa nyumba haukupungua, na nyumba nne za mtaa ule zilikwisha kulaza wapangaji kwenye vibanda vya nyuma. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa amebanwa, akaanza kumbana aliye karibu.

"Nipe mpaka Jumamosi," mzee akasema, sasa kwa sauti ya kuomba. "Wale Waskoti wakizipenda hizi fimbo, wataniagiza mwaka mzima. Karakana itajilipia yenyewe."

"Sawa, Jumamosi. Wasipoagiza, Jumapili naleta kitanda."

"Na uniazime hita ya stima, siku mbili tatu tu. Gundi inanisumbua na hii baridi."

Balbir akacheka, kicheko kisicho na ubaya. "Bili ya stima umeiona wewe? Kule Nakuru mlikuwa mnatumia hita?"

Mzee akaishika tena randa. Nakuru walikuwa na jua.

*

Fimbo zenyewe huitwa kaman, na mchezo wake shinti. Ni mchezo wa Waskoti wa milimani, ndugu yake hoki, ila hoki ni mtoto mpole. Kwenye shinti fimbo inapanda juu ya kichwa, mpira unapigwa ungali hewani, na ukizubaa unarudi nyumbani bila meno. Waskoti waliohamia London waliucheza kila Jumamosi kwenye uwanja wa manispaa, wake kwa waume, wakipigiana kelele za kwao. Wageni humu kama sisi, ingawa wao hakuna anayewauliza watarudi lini.

Aliyemkutanisha Tarsem nao ni Njoroge, mtu wa Nakuru pia, aliyekata nyasi na kupiga chokaa mistari ya uwanja ule. Siku moja alimletea kaman iliyovunjika. "Mzee, hebu tazama hii kitu. Si hoki hii?" Tarsem, ambaye ujana wake wote alichonga fimbo za hoki za shule na vilabu, akaigeuza mara mbili, akainusa, akasema, "Hivi ni vipande vyembamba, vimepakwa gundi vikapindwa pamoja. Naweza." Fundi aliyekuwa akiwachongea Waskoti huko kwao alikuwa amestaafu, basi wakamwagiza kumi na mbili za timu ya wanawake, kumjaribu.

Jumatano ya wiki ile Njoroge alikuja na Tom, kocha wao, mtu mrefu ambaye pua yake ilivunjwa na shinti miaka mingi iliyopita. Tom alisimama mlangoni kwa kuwa ndani watatu hawaenei.

"Jumamosi tunacheza na timu inayotoka Skotilandi," alisema kwa Kiingereza cha kwao kinachokwaruza. "Kamati yote itakuwepo. Wakiziona fimbo zako mikononi mwa wasichana, kazi ya mwaka ni yako. Wasipoziona, watanunua za kiwandani."

"Ijumaa, saa kumi jioni," Tarsem akasema.

Njoroge akampiga Tom begani. "Huyu Kalasinga usimwone hivi! Fundi wa kwetu ukimwuliza kabati yako iko wapi, anakwambia njoo kesho. Ukienda kesho, njoo kesho. Unaweza kuzaa mtoto, mtoto aingie shule, wewe bado unangoja kabati. Lakini baba yake huyu aliandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa karakana: HAKUNA NJOO KESHO. Nimeisoma kwa macho yangu haya nikiwa na miaka sita!"

"Saba," Tarsem akasema, na hakuweza kuficha furaha yake. "Mlikuja na baba yako kuchukua kitanda. Na kitanda kilikuwa tayari."

Kumi na moja kati ya zile fimbo zilikuwa tayari kweli. Kila moja ilikuwa imekaa siku tatu ndani ya klampu, kile kibanio cha chuma, imeegemea bomba la joto ukumbini, mpaka Leena alipochoka na harufu. Jumatatu ya wiki ile mtu alikuwa anakuja kutazama mahali pa kupanga, basi Leena alibeba klampu zote akaziweka nje kwenye nyasi, akamwambia mkwe wake kwa upole uliomuuma kuliko matusi, "Papaji, naomba nyumba inukie chakula." Kwa hiyo fimbo ya kumi na mbili ilibaki kutengenezwa baridini. Nayo ilikuwa ya Daisy.

Daisy alikuwa binti wa Njoroge, miaka kumi na tisa, anasomea unesi, mzaliwa wa hapa hapa. Kiswahili alikielewa chote na watu wote aliwajibu kwa Kiingereza, hata baba yake. Tarsem peke yake ndiye aliyeokotezewa vijineno vya Kiswahili, vimepinda hivyo hivyo, na kuitwa Babu. Wajukuu wake mwenyewe walipita karakana na simu masikioni. Daisy alikuwa akiketi juu ya debe la rangi, anauliza hii randa inaitwaje, na hii patasi, na mbao hii ni ya mti gani. Jamani, mzee angekataaje kumpenda?

Alikuwa amemwekea mbao nzuri kuliko zote, yenye mishipa iliyonyooka. Ikapasuka wakati wa kuipinda, Jumatano hiyo hiyo, baada ya wageni kuondoka. Akaanza upya. Alipopaka gundi na kukaza klampu ya mwisho ilikuwa Alhamisi mchana, na ndani ya karakana maji ya kunywa mbwa wa jirani yangeganda. Alivua koti lake, akaifunika fimbo kama anayemfunika mgonjwa, akaenda kukaa jikoni akitetemeka.

*

Ijumaa saa tisa na nusu alifungua klampu. Akazipanga zote kumi na mbili mezani, akazigonga moja moja kwa kifundo cha kidole, kama alivyofundishwa na baba yake. Mbao iliyoshikana hulia kavu. Kumi na moja zikalia kavu. Ya kumi na mbili ikatoa sauti iliyofifia, sauti ya kugonga kabati lililojaa nguo. Akaigonga tena. Akahamia upande wa pili wa kichwa cha fimbo, pale ilipopindwa, akaigonga tena. Akasema masikio yangu yamezeeka.

Masikio yake hayakuwa na kasoro yoyote, na alijua.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Daisy mbele ya baba yake, pua nyekundu kwa baridi. "Babu! Iko tayari yangu?"

Hapa ndipo ningependa kumshika mzee huyu mabega nikamtikise. Alikuwa na nafasi yote ya duniani. Kumi na moja zilikuwepo, na ile fimbo ya zamani ya Daisy, kuukuu lakini nzima, ilikuwa kwenye buti ya gari la baba yake. Neno moja tu lilitakiwa. Njoroge angemcheka mwaka mzima, Tom angekunja uso kidogo, kamati labda isingejua kitu. Lakini juu ya bega la Daisy alimwona Balbir amesimama kwenye mlango wa jikoni, amekunja mikono, anatazama kama ni leo au si leo.

"Nimewahi kukwambia uje kesho mimi?" mzee akasema. "Chukua, mwanangu."

Daisy akaikumbatia. Akaikumbatia fimbo, halafu akamkumbatia mzee, kilemba kikakaa upande.

*

Jumamosi ilikuwa kavu na ya jua jembamba lisilo na joto. Tarsem alipewa kiti cha kukunja karibu na kamati, blanketi miguuni, kikombe cha chai mkononi. Mzee mmoja wa Kiskoti alimwendea, akamshika mkono, akasema hajaona kaman nzuri hivi tangu aondoke kwao. Tarsem akatazama huku na huku kama Balbir amesikia. Balbir alikuwa amekuja, kwa kweli, na alikuwa amesikia.

Refa akarusha mpira juu kati ya wachezaji wawili walioinua fimbo zao, na mchezo ukaanza. Daisy alikuwa mbele. Hakuvaa kofia ngumu. Wakubwa hawalazimishwi, na alisema inamziba. Kabla ya mapumziko alifunga goli, mpira mdogo wa ngozi uliopita huku watu hawajageuza shingo. Akainua kaman kuelekea kile kiti cha kukunja. "Babu!" Njoroge, chokaa mpaka magotini, alirukaruka pembeni kama mtoto. Tarsem alicheka mpaka chai ikamwagika, na kwa nusu saa nzima aliisahau ile sauti.

Kipindi cha pili mpira ulikuja juu, Daisy na msichana wa timu ya wageni wakaupiga kwa pamoja. Fimbo mbili zikakutana hewani kwa nguvu zote. Moja ikalia kavu. Ya Daisy ikafunuka. Kile kichwa cha fimbo kilichopindwa kiliachana vipande, kimoja kikaruka nyuma usoni mwake, naye akakaa chini taratibu kwenye nyasi kama aliyechoka, mikono yote miwili juu ya jicho la kulia. Ndipo akapiga ukelele. "Daddy! Daddy!"

Watu wote walimkimbilia yeye. Tarsem alikwenda pale kipande kilipoangukia. Akakiokota kwenye tope, akakifuta kwa kidole gumba, akautazama mwachano wa mbao, pale gundi ilipopaswa kushika. Ulikuwa umejaa unga mweupe, laini, kama chokaa ya Njoroge. Akakitia mfukoni kabla ya mtu kumwona.

*

Hospitali walilitoa lile jicho Jumapili. Daktari alieleza kwa maneno mazuri na Njoroge aliitikia kwa kichwa kila neno, kisha akamwuliza Tarsem kwa Kiswahili, "Amesema wamelitoa au watalitoa?"

"Wamelitoa."

Njoroge akakaa. Alipoona machozi yanaingia kwenye ndevu za mzee, ni yeye, baba wa mtoto, aliyesimama akamshika bega. "Basi, mzee, basi. Utaugua bure. Ni bahati mbaya tu. Rudi nyumbani ukanywe chai ya moto." Akamsindikiza mpaka kituo cha basi, akangoja naye basi lije. Sijui kama kuna adhabu kubwa kuliko hiyo ya kufarijiwa na mtu uliyemwumiza.

Tom naye alisema vile vile. Kaman huvunjika, alisema, huko kwetu zinavunjika kila Jumamosi, hakuna wa kulaumiwa. Na Alhamisi barua ya klabu ikafika: kamati imeridhika, inamwagiza fundi Tarsem Singh fimbo za mwaka mzima, za wanaume na za wanawake. Balbir aliisoma mara mbili akiwa amesimama, akaileta mwenyewe karakana, na safari hii alibisha.

"Umeshinda, Papaji," akasema. Alikuwa na haya kidogo. "Nilikosea. Baki na karakana yako."

Mzee akaipokea barua, akaiweka chini ya kopo la misumari, akageukia dirisha. Balbir alidhani ni furaha.

*

Njoroge alikuja Jumamosi iliyofuata, mchana, na ule mpini wa fimbo umefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Alikuwa amekonda wiki moja tu ile. "Daisy amerudi nyumbani," akasema. "Amenituma. Anataka uiunganishe, aitundike ukutani. Goli lake la kwanza la mwaka, anasema. Mtoto ana roho huyu, mzee, sijui ametoa wapi."

"Kaa, Njoroge."

"Sikai, nimemwacha peke yake."

"Kaa, bwana."

Njoroge akakaa juu ya debe la rangi. Tarsem akafungua droo, akatoa kile kipande, akakiweka mezani mwachano ukiangalia juu.

"Unaona huu unga? Gundi ikishika vizuri inakuwa ngumu, inang'aa kama ukucha. Baridi ikiipiga kabla haijashika, inakuwa hivi. Niliibana Alhamisi, nikaifungua Ijumaa. Ilitaka siku tatu, na joto. Niligonga ikalia vibaya. Sikukosea, Njoroge. Nilisikia. Nilisikia nikampa."

Ndege ikapita, misumari ikacheza kwenye makopo, ikatulia.

"Ulisikia," Njoroge akasema.

"Ndiyo."

"Na ile yake ya zamani ilikuwa kwenye gari."

"Ndiyo."

"Ungesema tu, Daisy, njoo kesho."

Tarsem akakigeuza kile kipande, unga ukaangalia chini.

Njoroge hakupiga kelele. Mzee alikuwa amejiandaa kwa kelele, hata kwa kofi. "Wiki nzima nimeishi na neno moja," Njoroge akasema. "Bahati mbaya. Naamka nalo, nalimeza na chai, ndiyo naweza kumtazama mtoto wangu usoni nikambadilishia bandeji. Sasa umeninyang'anya hata hilo. Umeniambia ili wewe upumue, mzee. Mimi nitapumulia wapi?"

"Nitakwenda kwake. Nitamwambia na yeye, kwa mdomo wangu."

"Ole wako!" Hapo ndipo sauti ilipopanda. Akasimama, debe likaanguka. "Jicho limekwenda. Ila Daisy anadhani Babu bado anaye. Na huyo unataka umng'oe? Sikiliza. Akikupigia simu, utashika. Akikwambia jambo la kuchekesha, utacheka. Utakuwa Babu yake mpaka siku watakayokuchoma moto kama desturi ya maiti zenu. Lakini mimi, tukikutana njiani, hunijui."

Akaondoka akiuacha mpini mezani. Tarsem aliinua lile debe, akalirudisha mahali pake, halafu akabaki amelishika.

Jioni ile alimkuta Balbir anakula. "Lete kitanda," akasema.

"Kitanda gani? Papaji, si wamekupa kazi ya mwaka—"

"Nimesema lete kitanda."

*

Mpangaji aliitwa Godlisten, kijana wa Moshi anayepakia mizigo ndegeni usiku. Alikuja Jumatatu na sanduku moja, akamwamkia mzee shikamoo kwa mikono miwili, akasema chumba ni kizuri sana, alikotoka walikuwa wanalala watano. Meza ya kazi ilikuwa imekatwa vipande viwili ndipo ikatoka mlangoni. Randa na patasi zilikuwa ndani ya sanduku, chini ya kitanda cha mjukuu. Msumari mmoja uliotundikiwa fimbo ulisahaulika ukutani, na Godlisten akatundika hapo koti lake la kazi.

Balbir akaja amebeba kitu kipya, bado kiko kwenye boksi. "Hita hii," akamwambia Godlisten. "Siwezi kumwacha mtu alale kwenye baridi hii." Akaichomeka, ikawaka nyekundu, ikavuma polepole. Muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, kibanda kizima kikapata joto la Nakuru, kioo cha dirisha kikaanza kutoa jasho. Balbir akamtazama baba yake, akakumbuka kitu, akageuza uso.

Mzee alinyoosha mikono yake juu ya hita. Hakutaka kupiga hesabu, hesabu ikajipiga yenyewe. Kwa joto hili, lililopita la bomba la ukumbini, siku moja. Siku moja tu, ingelia kavu.

Simu ikaita kwenye mfuko wa koti lake. Aliliona jina, akaiacha iite, iite, kisha akakumbuka alivyoambiwa, akaishika.

"Babu!" Sauti ilikuwa nyembamba bado. "Daktari anasema miezi sita, halafu naweza kucheza. Na kofia, ya waya. Babu, nataka nyingine. Wewe tu ndiyo utengeneze. Lini iko tayari?"

Tarsem alitazama mahali meza yake ilipokuwa. Godlisten alikuwa anatandika shuka, anajiimbia kidogo kidogo.

"Kesho," akasema.

"Kesho?"

"Njoo kesho, mwanangu."

Upande wa pili Daisy akacheka, akacheka kwa nguvu, cheko lake la kwanza tangu siku ile. "Babu! Umekuwa kama fundi wale wa Daddy!"

Naye mzee, kwa kuwa alikuwa ameagizwa, akacheka.